Kompyuta ya biti nne juu ya meza yako: mwongozo kamili kwa anayeanza Mombasa

Anayetaka kujifunza kompyuta kwa mikono yake siku hizi huambiwa kwanza anunue bodi ya Arduino. Ni bodi nzuri, lakini mambo yote yanayoifanya kompyuta kuwa kompyuta yamefungiwa ndani ya kipande kimoja cheusi usichoweza kukifungua. Utawasha taa, utazungusha mota, na bado hutajua namba ilipita wapi hadi ikawa umeme.

Kwa hiyo tutaanza chini kabisa. Kwa chipu tatu za bei ndogo, taa chache na betri tatu za saa ya ukutani utapata mashine inayojumlisha, inayolikumbuka jibu lake, na inayosogea hatua kwa hatua kwa mapigo yake yenyewe. Hesabu, kumbukumbu na mapigo: karibu kila kompyuta ina hayo matatu. Intel 4004 ya mwaka 1971, inayohesabiwa kuwa mikroprosesa ya kwanza kuuzwa madukani, nayo ilifanya kazi kwa biti nne nne, yaani tarakimu nne za 0 au 1 kwa pamoja, kama hii tutakayoijenga. Ukienda polepole, jioni mbili tatu zinatosha.

Vitu vinavyohitajika na pa kuvipata

Chipu ni hizi: 74HC283, ambayo ni kijumlishi cha biti nne, 74HC175, ambayo ni rejista ya biti nne, yaani kumbukumbu ndogo, na 555 ya kutoa mapigo. Kuhusu 555, ulizia aina ya CMOS, inayotumia umeme kidogo, kama ICM7555 au TLC555. Ile ya kawaida, NE555, imetengenezewa volti 4.5 kwenda juu, na betri zetu zikichoka kidogo tu itakuwa imevuka mpaka wake.

Juu ya hizo, tafuta bredibodi (ubao wa kuunga nyaya bila kulehemu) kubwa ya matundu 830, taa kumi za LED nyekundu, rezista (vizuia umeme) kumi na mbili za omu 1,000 zenye mistari ya kahawia, nyeusi, nyekundu, rezista tano za omu 10,000 zenye kahawia, nyeusi, machungwa, rezista moja ya omu 68,000, kapasita (kihifadhi umeme) moja ya maikrofaradi 10, kapasita moja ya nanofaradi 10 iliyoandikwa 103, kapasita tatu za nanofaradi 100 zilizoandikwa 104, swichi nne ndogo na kitufe kimoja. Ongeza kifuko cha betri tatu za AA, na maltimita, yaani chombo cha kupimia volti. Maltimita usiiache. Hata ya bei ya chini kabisa inatosha, na ndiyo itakayokwambia ukweli pale macho yatakapokudanganya.

Rezista, kapasita na LED utazipata kwa mafundi wa redio na televisheni hapa hapa mjini. Chipu za 74HC ni adimu kidogo. Wengi huziagiza Luthuli Avenue, Nairobi, zikaja na basi kama mzigo mdogo. Agiza mbili mbili za kila aina, maana chipu moja ikiwa mbovu utapoteza wiki ukingoja nyingine. Andika namba yote, pamoja na herufi HC. Ukiletewa 74LS283 badala ya 74HC283, itajumlisha vilevile, lakini inataka volti 5 na haiwashi taa kwa namna tutakayotumia hapa.

Nyaya usinunue. Mafundi wanaofunga intaneti majumbani huacha vipande vya kebo ya mtandao. Menya ganda la nje utakuta nyaya nane za rangi tofauti, na kama kila waya ni shaba moja iliyonyooka, si nyuzi nyingi zilizosokotwa, unene wake unaingia kwenye tundu la bredibodi sawasawa. Kunja waya mmoja mara kadhaa pale pale kabla ya kuchukua. Ukikatika upesi na ndani ukawa mweupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, itakukatikia ndani ya tundu. Fundi naye ukimwamkia vizuri na kumwomba, "Fundi, kama una bodi mbovu za kutupa nihifadhie," utapata vitufe, kapasita na LED kwa miaka. Rezista za kung'olewa huwa na miguu mifupi mno, hizo nunua mpya.

Umeme: betri kwanza

Betri tatu za AA zinatoa volti 4.5. Chipu za 74HC hufanya kazi kati ya volti 2 na 6, kwa hiyo tuko katikati, salama. Usitie betri nne: zikiwa mpya zinaweza kupita volti 6.

Kwa betri, kosa la waya halitamuumiza mtu, na stima zikipotea kazi inaendelea. Chaja ya simu ya volti 5 pia inafaa ukikata kebo ya USB, ambapo nyekundu huwa chanya na nyeusi hasi, lakini pima kwa maltimita kabla ya kuamini rangi. Chaja hizo za bei ya kutupa ziepuke, kwa sababu kinachotenganisha upande wa volti 240 na upande wa mikono yako ndani yake ni kidogo mno. Pawabenki nyingi nazo hujizima zenyewe zikiona kinachotumika ni kidogo, na mashine yetu inatumia kidogo sana.

Jambo la kutofanyia mzaha ni hili. Usifungue pawasaplai ya kompyuta, maikrowevu wala televisheni ya zamani ya kioo kizito ili kutafuta spea. Umeme wa nyumbani ukishageuzwa ndani ya pawasaplai hufika karibu volti 340, na kapasita huushikilia hata baada ya kuchomoa plagi. Ya maikrowevu inashika maelfu ya volti. Hivyo mwachie fundi aliyesomea.

Hewa ya Pwani

Miongozo mingi ya mambo haya imeandikwa na watu wa nchi baridi na kavu, nayo hulia sana na umeme tuli wa mwilini unaoua chipu. Hapa Mombasa hewa yenye unyevu huupunguza, ingawa bado ni vizuri kugusa chuma kikubwa kabla ya kushika chipu, hasa ukitoka chumba chenye eysii. Adui wetu hasa ni chumvi. Ukikaa karibu na bahari, Nyali, Likoni au Old Town, miguu ya chipu iliyoachwa mezani hubadilika rangi na kuwa myeusi, shaba huota kutu ya kijani, na vibanio vya ndani ya bredibodi huanza kushika na kuachia. Saketi iliyofanya kazi Jumamosi inakataa Jumatano, na wewe unatafuta kosa ambalo hukulifanya.

Dawa yake ni mkebe wa plastiki unaofunga sawasawa, na ndani yake vifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Weka humo chipu, bredibodi na rezista kila unapomaliza kazi, na wakati wa masika usisahau hata usiku mmoja. Mguu ulioanza kuwa mweusi usugue taratibu kwa kifutio cha penseli. Na usifanyie kazi dirishani upepo wa kusi unapovuma, hata kama ndipo penye baridi nzuri.

Hatua ya kwanza: taa moja

Bredibodi ina mistari mirefu pembeni, ya chanya na hasi, na katikati kuna safu fupi za matundu matano matano yaliyounganishwa kwa chini. Mfereji wa katikati hutenganisha pande mbili, na chipu hukaa juu yake ikiupanda kama daraja. Kwenye bodi nyingine ile mistari mirefu imekatwa katikati bila alama yoyote. Pima kwa maltimita, ukikuta imekatwa iunge kwa waya.

Chomeka betri. Kutoka chanya weka rezista ya omu 1,000, kisha mguu mrefu wa LED, na mguu mfupi uende hasi. Taa itawaka kwa upole. LED nyekundu inachukua karibu volti 2, zinabaki 2.5 juu ya rezista, gawa 2.5 kwa 1,000 upate ampea 0.0025, yaani miliampea 2.5. Mafunzo mengine hutumia omu 330 ili taa ing'ae zaidi. Hapa usifanye hivyo. Mguu mmoja wa chipu utakuwa unawasha taa na kupeleka habari kwa chipu nyingine kwa wakati mmoja, na taa ikivuta sana volti hushuka, moja ikaanza kuonekana kama sifuri.

Hatua ya pili: mapigo

Chipu ina kishimo au nusu duara upande mmoja. Ukiugeuza upande huo kushoto, mguu wa 1 uko chini kushoto, na hesabu inaenda kulia, kisha inarudi kwa juu. Kwa 555, mguu wa 1 uende hasi, wa 8 na wa 4 chanya. Rezista ya omu 1,000 kati ya 8 na 7. Rezista ya omu 68,000 kati ya 7 na 6. Unga 6 na 2 kwa waya. Kapasita ya maikrofaradi 10 kutoka 2 kwenda hasi, upande wenye mstari mweupe ndio wa hasi. Ile ya 103 kutoka 5 kwenda hasi. Kisha taa: rezista ya omu 1,000 kutoka chanya, LED, halafu mguu mfupi wa LED uingie mguu wa 3.

Taa itawaka na kuzima karibu mara moja kwa sekunde. Kapasita inajaa kupitia rezista zote mbili na kumwagika kupitia ile ya 68,000 peke yake, na muda wa kujaa na kumwaga ndio pigo. Ukitaka kasi maradufu, weka omu 33,000. Nimeelekeza taa itoke chanya kwa makusudi, kwa sababu baadhi ya 555 za CMOS zina nguvu ndogo za kusukuma kuliko za kuvuta. Kama umelazimika kutumia NE555 na chaja ya volti 5, ongeza rezista ya omu 1,000 kutoka mguu wa 3 hadi chanya, maana NE555 ikiwa juu haifiki volti 5, huishia karibu 3.7, na 74HC inataka angalau 3.5 ili ikubali kuwa ni moja.

Hatua ya tatu: kijumlishi

Huu ndio moyo wa kazi, usiharakishe.

Weka 74HC283. Mguu wa 16 chanya, wa 8 hasi, na wa 7 pia hasi. Kapasita moja ya 104 iwe karibu kabisa na chipu, kati ya chanya na hasi. Fanya hivyo kwa kila chipu, la sivyo utaona taa zikibadilika zenyewe kila pigo linapopita.

Namba ya kwanza, tuiite A, inaingia miguu ya 5, 3, 14 na 12. Mguu wa 5 ni thamani ya 1, wa 3 ni ya 2, wa 14 ni ya 4, wa 12 ni ya 8. Kila mguu upe swichi inayokwenda chanya na rezista ya omu 10,000 inayokwenda hasi. Bila hiyo rezista, swichi ikifunguliwa mguu unaelea hewani, si moja wala sifuri, na utapata majibu ya ajabu ukisogeza tu mkono karibu. Namba ya pili, B, inaingia miguu ya 6, 2, 15 na 11 kwa mpangilio huohuo wa 1, 2, 4, 8; kwa sasa ipe nyaya za kuchomeka moja kwa moja chanya au hasi. Jibu linatoka miguu ya 4, 1, 13 na 10, na la ziada linalobebwa linatoka mguu wa 9. Kila mmoja wa hiyo mitano upe LED na rezista yake ya omu 1,000 kwenda hasi.

Weka A iwe 5, yaani swichi ya 4 na ya 1. Weka B iwe 3, yaani nyaya za 2 na 1. Taa ya 8 inawaka peke yake. Sasa jaribu 9 na 8. Jibu ni 17, na biti nne zinaishia 15, kwa hiyo itawaka taa ya 1 pamoja na ile ya mguu wa 9, ambayo thamani yake ni 16. Jaribu hesabu nyingine hadi uamini. Mpe mtoto wa nyumba akutajie namba. Kama hesabu moja inakosea kila mara kwa tofauti ya 4, basi ni waya wa 4, wa A, wa B au wa jibu, na huna haja ya kugusa nyingine zote.

Hatua ya nne: kumbukumbu

Kijumlishi hakikumbuki kitu. Ukizima swichi, jibu limekwenda. 74HC175 inalishika jibu pale pigo linapopanda kutoka chini kwenda juu, na kulishikilia hadi pigo jingine lipande, hata kama kinachoingia kimebadilika mara mia katikati.

Mguu wa 16 chanya, wa 8 hasi. Mguu wa 1 ni wa kufuta: uunge chanya kwa rezista ya omu 10,000, na uweke kitufe kati yake na hasi. Mguu wa 9 unapokea mapigo kutoka mguu wa 3 wa 555. Miguu ya 3, 6, 11 na 14 iache wazi, inatoa kinyume cha majibu na hatuihitaji.

Sasa nyaya nane. Majibu ya 283, miguu ya 4, 1, 13, 10, yaende kwenye miguu ya 4, 5, 12, 13 ya 175. Kinachotoka 175, miguu ya 2, 7, 10, 15, kirudi kwenye miguu ya B ya 283, yaani 6, 2, 15, 11. Zile nyaya za B ulizokuwa ukichomeka kwa mkono ziondoe kabla, zote, maana ukiacha mmoja utakuwa unagonganisha chanya na hasi ndani ya chipu. Taa za majibu ziache zilipo, na uongeze nyingine nne kwenye miguu ya kutokea ya 175.

Usijaribu kutoa mapigo kwa kitufe badala ya 555. Chuma cha kitufe hurukaruka kinapobanwa, na kubonyeza kwako mara moja mashine inaweza kukuhesabu kama mara tano.

Kuiendesha

Unapowasha, taa zinaweza kuonyesha namba yoyote. Bonyeza kitufe cha kufuta, zote nne za rejista zitazima. Weka swichi ya 1 peke yake. Mashine inahesabu 1, 2, 3, hadi 15, kisha inarudi 0. Tazama safu mbili za taa pamoja: za rejista zinaonyesha kilichokumbukwa, za kijumlishi zinaonyesha jibu linalosubiri pigo lijalo. Safu moja iko mbele ya nyingine kwa hatua moja daima, na hapo ndipo utaona kwa macho kwa nini kompyuta inahitaji saa, yaani hayo mapigo. Bila pigo, jibu lingerudi kwenye hesabu papo hapo na kuzunguka bila mpaka.

Weka 3. Utapata 3, 6, 9, 12, 15, halafu 2, kwa kuwa 18 kutoa 16 ni 2. Ukiiacha itapita namba zote kumi na sita kabla ya kurudi sifuri. Weka 6, itapita namba shufwa tu. Weka 4, itazunguka namba nne peke yake. Kaa na daftari uandike kila mzunguko, ni hesabu tamu kwa mwanafunzi wa darasa la saba au wa chuo.

Kisha weka swichi zote nne, yaani 15, na ubonyeze kufuta. Mashine inahesabu kurudi nyuma: 15, 14, 13, 12. Kuongeza 15 katika ulimwengu wa namba kumi na sita ni sawa na kupunguza 1, kama mita ya zamani ya gari ambayo ukiizungusha karibu duara zima inaonekana imerudi nyuma hatua moja. Kompyuta karibu zote za leo hushika namba kamili hasi kwa namna hii. Kijumlishi chako hakijui kutoa, na bado kinatoa.

Ikigoma

Anza na chipu kwa kidole. Ikiwa ya moto, chomoa betri mara moja. Imegeuzwa au kuna nyaya zimegusana. Ikiwa ya kawaida, weka maltimita kwenye miguu yenyewe ya 16 na 8, si kwenye mistari ya bredibodi, kwa sababu tatizo mara nyingi liko kati ya tundu na mguu. Volti zikiwepo, pima kila mguu wa kuingilia: karibu 0 au karibu 4.5. Ukikuta 2 na kitu, mguu huo unaelea au unavutwa pande mbili. Mashine ikihesabu kwa kuruka namba ovyo, tafuta zile kapasita za 104.

Kuilehemu ikae

Ikifanya kazi siku chache bila kusumbua, ihamishie kwenye ubao wa matundu wenye mistari ya shaba. Lehemu vikalio vya chipu, si chipu zenyewe, ili uweze kuzibadilisha. Waya wa kulehemu wa bati na risasi wa 60/40 unayeyuka karibu nyuzi 190 za selsiasi na ni rahisi kwa mkono mpya, lakini risasi ni sumu: nawa mikono kwa sabuni, na usifanyie kazi kwenye meza ya chakula. Fungua dirisha moshi utoke, na feni isipulize moja kwa moja juu ya kazi, itapoza ncha na kiungo kitakuwa cha kijivu na dhaifu. Ukimaliza, safisha kwa spiriti na upake vanishi safi upande wa shaba. Ubao usiopakwa, kwa chumvi ya huku, hauchukui muda kuota kijani.

Kutoka hapa

Cha kwanza cha kuongeza ni 74HC86, chipu yenye mageti manne ya XOR, ambayo kila moja hugeuza 1 kuwa 0 na 0 kuwa 1 mguu wake mwingine ukiwa juu. Pitisha kila swichi ya A ndani ya geti moja lake, na miguu mingine ya mageti yote uiunge pamoja na mguu wa 7 wa 283, baada ya kuuondoa kwenye hasi. Waya huo ukiwa chini, yaani hasi, mashine inajumlisha. Ukiwa juu, yaani chanya, inatoa.

Baada ya hapo unaweza kukutana na mikroprosesa kamili. Z80 ya kampuni ya Zilog ilitoka mwaka 1976, na ingawa kampuni hiyo ilitangaza mwaka 2024 kuacha kuitengeneza, bado inauzwa. Chukua Z84C00, ya CMOS, kwa sababu hiyo inakubali mapigo ya polepole ya 555 yetu. Ile ya zamani inapoteza kumbukumbu zake za ndani saa ikizubaa. Hapa tumia chaja nzuri ya volti 5. Mguu wa 11 ni chanya, wa 29 hasi, wa 6 mapigo. Miguu ya 16, 17, 24 na 25 uivute chanya kwa omu 10,000, na wa 26, wa kuanzisha upya, vilevile pamoja na kitufe kwenda hasi. Miguu minane ya data, kuanzia 7 hadi 15 ukiacha 11, ivute yote hasi kwa omu 10,000. Z80 ikisoma sifuri nane inaelewa amri moja tu: usifanye kitu, nenda anwani inayofuata, yaani nafasi inayofuata ya kumbukumbu. Weka LED zenye rezista za omu 2,200 kwenye miguu ya 30, 31, 32 na 33. Shikilia kitufe cha kuanzisha kwa zaidi ya sekunde tatu, kwa kuwa inataka angalau mapigo matatu ili isafike, kisha uachie. Taa zitaanza kuhesabu anwani, hatua moja kwa kila mapigo manne.